Pini Mdomoni

Jirani yetu, ambaye mtaa mzima tunamwita Redio kwa sababu hazimwi, anadai alikuwepo. Anadai siku ile Mwalimu alipokwenda kutambulishwa nyumbani kwa Mkuu wa Chuo, yeye alikuwa jikoni kwao, ameitwa kusaidia vyombo, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi kiasi cha sikio. Basi, kwa maneno yake Redio, watu walikunywa chai, wakasifiana kama ilivyo adabu, ndipo Mkuu akaweka kikombe chini akauliza: "Kijana, kabla hatujafika mbali. Huna mtu huko ulikotoka? Sitaki binti yangu aje kujikwaa kwenye mguu wa mwenzake mlangoni."

Na Mwalimu, Redio anaapa kwa watoto wake wote, akacheka. Akasema: "Hapana, mzee. Kuna msichana mmoja tu anayenishonea vifungo."

"Vifungo!" Redio alirudia, amesimama mlangoni petu na beseni kiunoni. "Mwanangu, nilidondosha sahani. Sahani ya watu, yenye maua!"

Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Redio, sahani uliidondosha kwa uchungu au kwa sababu ulikuwa umeegemea mlango?"

"Vyote viwili, jirani. Kwani vinazuiana?"

Mimi nilikuwa napinda ukingo wa gauni, nikaendelea kupinda. Redio ni mwongo, na hilo hata yeye halikatai sana. Lakini niliujua uongo wake ulivyo. Redio akitunga angeniita hawara, angeniita mshamba, angenipa mimba juu. Asingefika kwenye vifungo. Lile lilikuwa neno dogo, safi, lililonyooshwa pasi. Lilikuwa neno la mtu aliyesoma.

Redio alipoondoka Mama akaniuliza, "Una nini?"

"Sina kitu, Mama."

"Sindano imeingia kidoleni muda mrefu sasa, na wewe unaitazama tu."

*

Nilimpata Mwalimu kwa kifungo, hilo ni kweli. Chuo kina ukumbi mkubwa wenye jukwaa, na nyuma ya jukwaa kuna stoo ya mavazi ya maigizo. Humo ndimo ninamofanyia kazi, mimi na cherehani yangu na makoti ya wafalme waliokufa kwenye michezo ya miaka iliyopita. Yeye alikuwa anafundisha vitabu vya Waingereza. Aliingia siku moja ameshika shati kifuani kama mtu aliyejeruhiwa, akasema, "Dada, nina darasa sasa hivi na tumbo langu liko nje." Nilimshonea akiwa amelivaa. Ili nikate uzi ilibidi niusogeze mdomo kifuani mwake. Moyo wake ulikuwa unakimbia, na mimi ni mtu wa kusikiliza.

Tangu siku hiyo vifungo vyake vilianza kukatika kwa wingi.

Alinipa jina, Uzi. "Wewe ndiye uzi wangu," alikuwa akisema, "bila wewe nafumuka." Nyumbani kwetu alikuwa akija jioni, kwa mlango wa uani, anapita kati ya nguo zilizoanikwa. Anakaa kwenye kigoda, mimi nashona, yeye anazungumza. Wapenzi wengine hupelekwa matembezini. Mimi nilipelekwa Uingereza, nikiwa nimeketi kwenye cherehani.

Alinieleza kwamba zamani hadithi zao zilikuwa kama treni, zinaondoka kituo hiki zinafika kile. Halafu ikaja vita ya kwanza, vijana wengi wakaozea matopeni, na walioandika baada ya hapo hawakuiamini tena reli. Wakaona bora waingie kichwani mwa mtu wakae humo, wasikilize anavyowaza wakati mkono wake unafungua dirisha. Tendo likawa dogo, wazo likawa kubwa.

"Kwa hiyo mtu anajulikana kwa anachowaza, si kwa anachofanya?" nilimuuliza.

"Ndio uzuri wake."

"Uzuri kwa nani?"

Alicheka. Alikuwa na kicheko kinachoanza machoni, na mimi kwa kile kicheko ningeshona hadi vidole viishe.

Siku nyingine alinieleza yaliyotokea vita ya pili ilipokwisha. Kule Uingereza, alisema, watoto wa makabwela wakafunguliwa mlango wa shule za juu. Mtoto wa mchimba makaa akasoma, akavaa tai, akajikuta hana kwao tena. Nyumbani kwa baba yake anaonekana mwenye maringo, na kwa matajiri wanamnusa makaa. Vitabu vya wakati huo vimejaa vijana wa namna hiyo. Wana hasira, wanagomba jikoni, wanavunja vikombe, halafu wanaoa binti wa tajiri. Alisimulia macho yakimng'aa, kama mtu anayewataja ndugu zake. Baba yake mwenyewe ni fundi viatu. Amekaa kwenye kibanda kimoja mpaka mgongo umechukua umbo la kibanda.

"Na yule msichana wa mtaani?" nikauliza. "Aliyekuwa naye kabla ya tai?"

Alifikiri. Sitamsingizia, alifikiri kweli. "Huyo hana nafasi kubwa. Anatokea mwanzoni mwanzoni, halafu kitabu kinamsahau."

"Kinamsahau, au kinamwacha?"

"Uzi wangu," akaniinamia, akanibusu shingoni, "wewe ungesoma ungekuwa hatari."

Na waandishi wa karibuni zaidi, alisema, wamefika mahali hata wao wenyewe hawajiamini. Anayesimulia anakusimamisha katikati ya hadithi anakwambia, haya yote nimetunga, ukitaka mwisho chagua unaoupenda. Kweli haiko moja, kila mtu na yake. Siku aliponieleza hayo, mimi nilikuwa nimemuuliza lini atawaleta wazee wake nyumbani.

Badala ya wazee alikuja dada yake. Alikuja bila kuitwa, akakaa ukingoni mwa kiti kana kwamba kiti kina kunguni, akamwambia Mama: "Hatuna ugomvi na binti yako, mama. Mpole, mchapakazi. Lakini kaka yetu tumemsomesha kwa viatu vya watu. Akimwoa huyu atakuwa amerudi alikotoka."

"Kwani alikotoka kuna nini," Mama akamuuliza, "ndui?"

Jioni ile nilimwambia Mwalimu neno ambalo nilikuwa nimelikalia muda mrefu. Nilimwambia: "Unanipenda kama mwizi anavyopenda kitu cha watu. Haraka haraka, na jicho mlangoni." Akanishika mikono yote miwili, pini zikiwa bado vidoleni, akasema: "Nitarudi. Nitarudi mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, na watakaokuwa barazani watasogea wanipishe."

Nililihifadhi. Wenzangu huhifadhi pete.

*

Maneno yangu niliyasikia tena ukumbini.

Mwalimu alikuwa ametunga mchezo, kwa Kiswahili, lakini kwa kufuata mitindo ya wale Waingereza wake. Ulikuwa wa mtoto wa mchimba makaa na msichana wa dobi. Wanafunzi ndio waigizaji, na yeye mwenyewe alijipa kuwa kijana. Mimi nilikuwa nimepiga magoti jukwaani nikifupisha sketi ya msichana wa dobi, binti wa mwaka wa pili mwenye sauti nzuri, wakati alipofungua mdomo juu ya kichwa changu akasema: "Unanipenda kama mwizi anavyopenda kitu cha watu. Haraka haraka, na jicho mlangoni."

Wanafunzi wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti: "Mwalimu! Umeitoa wapi hiyo?"

Akanitazama. Nilikuwa chini pale, mdomo umejaa pini.

"Kichwani," akasema.

Angesema "kuna mtu aliniambia", ningemsamehe mpaka vifungo. Mimi si mtu wa kudai makubwa. Lakini alichukua machozi yangu akayapeleka mbele za watu kama jasho lake. Na mwisho wa mchezo, pale kijana anaposimama peke yake mbele ya mlango uliofungwa, aliweka na ile ahadi yangu. Nitarudi mchana kweupe. Ya kwangu ile, iliyosemwa kwenye mikono yangu. Sasa ingesemwa kwa mtu yeyote mwenye tiketi.

Basi nikaanza kutafuta namna. Fundi wa taa, ambaye tunamwita Giza kwa kumtania, alinikuta nimeketi nimeitazama suruali ya kijana wa makaa bila kuishona.

"Shemeji," akaniambia, maana yeye alikuwa akijua, taa huona mengi, "ukitaka nizime ukumbi mzima akiwa katikati ya kusema, niambie. Nitasema nyaya ni za zamani."

"Ukizima watakulaumu wewe."

"Basi legeza mshono wa nyuma hapo. Akiinama tu, mambo hadharani."

Nilicheka, hata mimi. Lakini nikatikisa kichwa. "Mtu akivukwa na suruali watu humcheka, na anayechekwa huishia kuhurumiwa. Sitaki ahurumiwe, Giza."

"Unataka nini?"

Nilikuwa bado sijajua. Nilingoja. Kungoja nimekuzoea. Huwezi kuufukuza uzi uliojikunja, unaushika unautazama mpaka wenyewe ukuoneshe ncha.

Ncha ilijionesha kwenye mazoezi. Kuna kazi moja nyuma ya jukwaa ambayo watazamaji hawaijui. Mtu huketi nyuma ya pazia na maneno ya mchezo mapajani, mwigizaji akisahau anamnong'oneza neno la kwanza, mengine yanajifuata. Aliyekuwa akifanya kazi hiyo aliondoka kwenda kwao kuuguza. Mwalimu akaja stoo. "Nisaidie, Uzi. Wewe uko hapo kila siku. Una subira, na unajua kunong'ona." Kwa mkono wake mwenyewe akanipa mpini, makali akabaki nayo.

Nikaketi nyuma ya pazia. Na kila tulipofika pale mwisho, mbele ya ule mlango wa mbao, Mwalimu alikuwa akisahau. Mchezo mzima anautiririsha kama maji, akifika pale tu, anasimama. Mkono wake unakwenda kwenye kifungo cha juu cha koti, anakizungusha, anageuka kidogo upande wangu. Nami namnong'oneza: "Nitarudi." Analidaka, anaendelea.

Hakukosa kusahau hata zoezi moja. Wanafunzi walimtania kwamba kichwa kimejaa harusi. Mimi nilielewa. Ulimi wake ulikuwa mwaminifu kuliko yeye.

*

Asubuhi ya siku moja kabla ya maonesho alikuja kupima koti kwa mara ya mwisho. Alipanda kwenye kigoda, nikamzunguka.

Katika kazi yetu kuna adabu moja ambayo kila aliyewahi kupimwa nguo anaifahamu. Fundi mwenye pini mdomoni haulizwi swali. Atameza. Wengine wetu huziweka hata pasipo haja, siku tusizotaka kujibu.

"Redio amekwambia nini?" akauliza.

Nikamwonesha mdomo wangu.

"Uzi, najua amekwambia kitu. Wiki nzima hunitazami. Sikiliza." Alikuwa anazungumza na kioo kilichokuwa mbele yake, na mimi nilikuwa humo kwenye kioo, begani kwake. "Redio ana hadithi yake. Wewe una yako, na mimi nina yangu. Hakuna anayeweza kusema hii ndiyo yenyewe."

Nilizitoa pini, moja moja, nikazichomeka kwenye mto mdogo wa pini ninaoufunga mkononi. Alizitazama zote zikitoka kama mtu anayehesabiwa adhabu.

"Ulisema vifungo, au hukusema?"

"Uzi..."

"Nimeuliza jambo dogo."

"Nilikuwa sebuleni kwa watu! Mtu husema neno lolote ili kikombe kishuke salama. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Lakini moyoni nilikuwa na wewe. Wallahi, wakati ule ule ninacheka, nilikuwa nakufikiria wewe. Ungeingia humu ndani ungeona."

"Siwezi kuingia humo. Mimi niliishia darasa la saba. Huko ndani sijui kusoma, nasoma ya nje tu."

Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, na mimi mjinga, mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kwenda kwenye shavu lake. Ulifika nusu njia. Sitasema uongo, siku ile ile ninayomtafutia kaburi, harufu ya shingo yake ilikuwa bado inanivuta.

"Nampenda baba yangu," akasema polepole. "Unajua amenunua suti? Maisha yake yote hajawahi. Kesho atakaa safu ya mbele na Mkuu wa Chuo. Mchezo ukiisha Mkuu atapanda jukwaani atangaze uchumba, na kwamba idara nitaiongoza mimi. Baba yangu atasimama watu wampigie makofi. Niambie, nimnyang'anye hilo?"

"Sikukwambia umnyang'anye. Nilikwambia upite mlango wa mbele."

Hapo mlango wa stoo ukafunguliwa. Akaingia binti wa Mkuu. Nilikuwa nimejitayarishia shetani, akaja msichana wa kawaida, mzuri, viatu vimembana, ana haya kidogo.

"Samahani, nimeingilia?" Akanipa mkono. "Ndiye wewe fundi wetu? Anakusifu! Alimwambia hata baba. Anasema kuna msichana anamshonea vifungo, havikatiki kamwe."

Redio, nisamehe.

"Ndiye mimi," nikasema.

"Basi na gauni langu la harusi utanishonea wewe. Dada, usikatae, tafadhali."

Mwalimu alikuwa amesimama juu ya kigoda, mikono imenyooka pembeni kama kinyago cha kutishia ndege. Nilimtazama kwenye kioo mpaka akainamisha uso. "Tutaona," nikamjibu yule binti. "Tumalize kwanza hili la kesho."

Alipotoka, Mwalimu akashuka. Alizungumza kwa sauti ya chini sana. "Uzi. Naomba kesho usifanye kitu."

"Kitu gani?"

"Makelele. Mbele ya watu."

"Umewahi kunisikia nikipiga kelele?"

"Hapana."

"Basi nenda ukalale. Nakuahidi, sitatoa hata sauti."

Akanishukuru. Aliniamini, akanishika bega, akashukuru!

*

Maonesho yalikuwa alasiri. Niliutazama ukumbi kupitia tundu la pazia. Safu ya mbele, Mkuu wa Chuo na mkewe, binti yao, dada yake Mwalimu aliyejifukiza manukato mpaka nyuma ya pazia tukayapata. Na pembeni yao yule mzee fundi viatu, ndani ya suti ambayo mabega yake hayakuijaza, mikono ameiweka magotini kama kanisani. Yule mzee aliwahi kunishonea kiatu nikiwa mtoto, akakataa kuchukua kitu. Nusura nimpe Giza karatasi za mchezo nimwambie keti wewe hapa.

Safu za nyuma walikuwepo Mama na Redio. Redio alikuwa anazungumza na pande zote mbili kwa mpigo.

Mchezo ukaanza, na nisimnyime haki yake, alicheza. Aligomba, alivunja kikombe, alivua tai akaitupa. Binti wa mwaka wa pili alipomwambia, "Unanipenda kama mwizi," ukumbi ulivuta pumzi. Nikamwona Mama anageuza kichwa, pole sana, anatafuta pazia. Mama aliyajua maneno yale. Kuta zetu ni nyembamba.

Ukaja mwisho. Wengine wakatoka. Taa zikapungua, akabaki kijana wa makaa mbele ya mlango wa mbao. Akainua mkono kama anayetaka kubisha. Mkono haukubisha. Ukashuka, ukaenda kwenye kifungo cha juu.

Karatasi ilikuwa mapajani kwangu, na neno lilikuwa mbele yangu, la kwanza kwenye mstari. Wala sikuihitaji karatasi.

Akageuka kidogo upande wangu.

Mimi nikatulia.

Mwanzoni hakushtuka. Alidhani sijamwona. Alizungusha kifungo, akapiga hatua moja, akasimama tena. Na watu, si alikuwa amewafundisha mwenyewe kwamba waandishi wa siku hizi hukuacha ukingoni bila kukwambia kitu? Nikasikia mtu safu za kati ananong'ona, "Kimya hiki ndicho mchezo wenyewe, umeelewa?" Mwingine akapiga makofi. Wakafuatia wengine. Mkuu wa Chuo akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeona mkwe wake ni mzito kweli.

Makofi yakaisha. Yeye bado amesimama.

Sasa kimya kilikuja cha namna nyingine. Viti vikaanza kulia. Mkuu akakohoa. Jasho lilimtoka Mwalimu likashuka mpaka kwenye ukosi niliougeuza mimi. Akarudi kinyumenyume mpaka akafika kwenye pazia, karibu kiasi kwamba ningeweza kukata uzi wa koti lake kwa meno.

"Neno," akanong'ona bila kugeuka.

Nikamtazama kisogo.

"Uzi. Neno la kwanza tu. Nimelipoteza."

Nilijua amelipoteza, na nilijua lilipopotelea. Kwenye sebule ya watu, kati ya kikombe na kicheko.

"Baba yangu yuko pale. Mwone. Nakuomba kwa ajili yake."

Nilimwona. Yule mzee alikuwa amesogea mbele ya kiti, mdomo wazi, kana kwamba angeweza kumpa mwanawe neno kwa kumtazama tu. Koo langu lilifunguka. Neno lilipanda lote mpaka kwenye ulimi, likakaa hapo, tamu na chungu. Ningeweza kulisema hata kwa pumzi, na angeokoka, na kesho yake ningepima kiuno cha binti wa Mkuu. Nikalimeza.

Ndipo Mwalimu akafanya jambo ambalo halikuwamo kwenye karatasi. Akageuka, akalishika pazia kwa mkono, akalivuta lote.

Watu wakaniona. Mimi na kigoda changu, mto wa pini mkononi, miguu peku. Na Giza, ambaye hakuna aliyemwambia chochote, akaleta taa taratibu kutoka kwenye mlango wa mbao mpaka usoni mwangu, akaiacha hapo.

"Jamani," Mwalimu akasema. Sauti yake ya darasani ilikuwa imemwisha, ikabaki ile ya uani kwetu. "Maneno haya si ya kichwani mwangu. Kuna mtu niliyemwambia, na mengine aliniambia yeye. Huyu hapa. Nilimwambia nitafanya jambo, na nimesahau nilisemaje. Yeye hajasahau."

Binti wa Mkuu alisimama, akakaa, akasimama tena. Dada yake Mwalimu alijifunika uso kwa mkoba. Mkuu wa Chuo hakukohoa tena.

Akaja mbele yangu, akapiga magoti kwenye zile mbao, mbele ya baba yake na suti yake, mbele ya Mama, mbele ya safu zote. Akanishika mikono yote miwili kama siku ile. Ilikuwa mchana kweupe, na watu wote walikuwepo. Nilikuwa nimeliomba jambo hili kwa muda mrefu sana. Na lilikuja siku ambayo yeye ndiye aliyekuwa na shida.

"Uzi wangu," akasema kwa sauti ambayo hata Redio aliisikia na kunyamaza. "Mbele ya watu hawa wote nakuomba. Nipe neno la kwanza. Nikumbushe nilikuahidi nini, niliseme hapa hapa, nikalifanye."

Nikaitoa mikono yangu kwenye yake, taratibu. Nikazichomoa pini kwenye mto wangu, moja, na nyingine, na nyingine, nikazipanga mdomoni, nikafunga midomo juu yake, nikamtazama.